Maradhi ya Kuogopewa: Kutoka Minhaj ya Imam Nawawi hadi Bima ya Maisha Yote

Bismillahir Rahmanir Rahim. Kila sifa njema inamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, ambaye ameteremsha maradhi na akateremsha tiba. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Sahaba zake wote.

Ama baad. Katika maswali ambayo maimamu wetu wanaulizwa mara kwa mara siku hizi, baada ya swala na katika darsa, limo hili: "Sheikh, kampuni imeniambia nilipe kiasi fulani kila mwezi, maisha yangu yote. Nikipatwa na kansa, au moyo, au kiharusi, au figo zikifeli, nitapewa fedha kwa mkupuo. Je, yafaa?" Majibu tunayoyasikia ni mawili. Wako wanaosema, "Bima ni haramu," na hapo maneno yakaisha. Na wako wanaosema kuwa dunia imebadilika, na kila chenye manufaa kinafaa. Jibu la kwanza lina mashiko katika maamuzi ya wanavyuoni wengi, lakini linamwacha muulizaji na hofu yake vilevile. La pili linaituliza hofu kwa kuipuuza sheria. Sisi tumeona ni vyema tuirudie historia ya jambo hili, kwani anayeijua njia iliyopitwa na waliotangulia hapotei kwa urahisi.

MKATABA WENYEWE NA ASILI YAKE

Kanuni ya mafaqihi ni kwamba kulihukumia jambo ni tawi la kulielewa. Basi na tuuelewe mkataba huu kwanza.

Bima ya namna hii ni ngeni hata kwa mataifa yaliyoasisi bima. Ilianza Afrika Kusini mwaka 1983. Aliyeibuni ni Dakta Marius Barnard, mpasuaji wa moyo, ndugu yake Christiaan Barnard ambaye mwezi Desemba 1967, katika hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town, aliongoza upandikizaji wa kwanza wa moyo wa mwanadamu kwa mwanadamu. Marius naye alikuwa katika jopo lile. Alichokiona katika miaka yake ya kazi ni kwamba utabibu ulikuwa ukiwaokoa watu ambao zamani wangekufa, kisha waliookoka wakarudi majumbani kuangamia kwa ufukara: kazi hawaziwezi, deni la nyumba linadai, na watoto wanataka kula. Bima ya maisha haikuwafaa kitu, kwa sababu hulipa mtu anapokufa, na wao walikuwa hai.

Orodha ya mwanzo ilikuwa na mambo manne tu: shambulio la moyo, kansa, kiharusi, na upasuaji wa mishipa ya moyo. Kutoka huko ikaenea Uingereza, Australia, Asia na kwingineko, na leo mikataba mingi inataja maradhi thelathini na zaidi. Sifa zake ni hizi. Fedha hulipwa kwa mkupuo baada ya daktari kuthibitisha maradhi, bila kujali gharama halisi ya matibabu. Kila maradhi yana maelezo yake ndani ya mkataba, na yasiyoingia katika maelezo hayo hayalipwi. Aghlabu mgonjwa wa mkataba huu ukiwa peke yake hutakiwa aishi siku kadhaa baada ya kuthibitishwa, mara nyingi 14 au 30, ndipo astahiki. Maradhi aliyokuwa nayo mtu kabla ya kujiunga hayaingii. Na katika ule wa maisha yote, malipo hayana mwaka wa ukomo ila mauti au kulipwa. Akishindwa kuendelea, mara nyingi kinga hukatika.

ORODHA YA IMAM NAWAWI

Jina ambalo bima hii iliuziwa kule Afrika Kusini lilikuwa na maana ya "maradhi ya kuogopewa". Mwanafunzi yeyote wa fiqhi ya Shafi'i atastuka kulisikia jina hilo, kwani ndilo hilohilo alilokutana nalo katika mlango wa wasia: al-maradh al-makhuf.

Imam Yahya bin Sharaf an-Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277), ameyataja katika Minhaj at-Talibin, kitabu ambacho mafaqihi wa pwani yetu wamelelewa nacho, maradhi yanayohesabiwa kuwa ya kuogopewa. Miongoni mwayo ni qulanji, yaani msokoto mkali wa tumbo, maradhi ya ubavu, kutoka damu puani kusikokoma, kuharisha mfululizo, homa isiyoachia, na mwanzo wa kupooza. Akaeleza kwamba ikitokea shaka kama maradhi fulani ni ya kuogopewa au la, haithibiti ila kwa matabibu wawili waadilifu. Kisha akaambatanisha na maradhi hayo hali nyingine za hatari: mfungwa aliye mikononi mwa maadui wenye mazoea ya kuwaua mateka, watu waliokabiliana vitani, mwanamke aliyeshikwa na uchungu, na msafiri aliye chomboni wakati upepo umechafuka na mawimbi yameinuka.

Kwa hiyo orodha ya maradhi makubwa yenye masharti ya kitabibu na mashahidi wa kitabibu haikuanza mwaka 1983. Lakini makusudio ni tofauti. Mafaqihi waliiweka orodha hiyo kulinda haki za warithi. Mtu akishikwa na maradhi ya kuogopewa, huruma na hofu humfanya agawe mali yake ovyo. Basi sheria ikasema zawadi na sadaka zake katika hali hiyo zihesabiwe ndani ya theluthi. Akipona, alichokitoa kinapita chote. Asili yake ni kisa cha Saad bin Abi Waqqas (r.a.), kilichopokewa na Bukhari na Muslim. Aliugua Makka mwaka wa Hija ya Kuaga, akataka kutoa sehemu kubwa ya mali yake, na Mtume (s.a.w.) akamshusha hadi theluthi, naye akamwambia kuwa hata theluthi ni nyingi, na kwamba kuwaacha warithi wakijitosheleza ni bora kuliko kuwaacha wakinyoosha mikono kwa watu. Saad akapona, akaishi miaka mingi, na mikononi mwake Mwenyezi Mungu akafungua Iraq.

Angalia neno moja katika orodha ile: "mwanzo" wa kupooza. Mafaqihi wamesema kwamba kupooza kunaogopewa pale kunapoanza, kwani hapo ndipo mauti yanapotarajiwa. Kukishatulia na mgonjwa akaendelea kuishi, kunatoka katika hukumu ya maradhi ya kuogopewa, hata kama hawezi kunyanyua mkono wake. Na pale kunapotoka ndipo haja anayoizungumzia Dakta Barnard inapoanza. Mlango wa wasia unamshughulikia anayekaribia kufa. Je, yule aliyeokoka na hawezi tena kuchuma, yumo katika mlango gani wa fiqhi? Swali hili tutalirejea, kwani jibu lake limo ndani ya Minhaj yenyewe.

NANI ALIUBEBA MZIGO?

Uislamu haukumwacha mtu abebe msiba wake peke yake. Katika mkataba ambao Mtume (s.a.w.) aliuandika Madina baada ya Hijra, kila kabila lilibakishiwa wajibu wa kusaidiana katika kulipa diya na kukomboa mateka wake. Katika kisa cha wanawake wawili wa Hudhail, mmoja alimpiga mwenziwe kwa jiwe akamuua pamoja na mimba yake, Mtume (s.a.w.) akahukumu diya ya mwanamke yule ilipwe na 'aqila, yaani jamaa wa kiumeni wa aliyeua. Mafaqihi wakaafikiana kuwa diya hiyo hugawanywa kwa miaka mitatu. Na Umar (r.a.) alipoweka madaftari ya askari, Mahanafi walichukua kutokana na kitendo chake kwamba watu wa daftari moja wanakuwa 'aqila wa mwenzao hata kama hawana nasaba moja.

Bwana Mtume (s.a.w.) pia aliwasifu Ash'ariyyun, watu wa kabila la Abu Musa (r.a.). Chakula kilipowapungukia safarini au mjini, walikikusanya chote katika nguo moja, wakagawana sawasawa, akasema kuwa wao ni wake naye ni wao. Aliyekuja na kingi hakuuliza atarudishiwa kiasi gani.

Ama maradhi, Waislamu waliyajengea bimaristani na kuziwekea wakfu. Sultan Nuruddin Mahmud Zangi alijenga ya kwake Damascus baada ya kuutwaa mji huo mwaka 549 Hijria (1154). Maqrizi amesimulia kwamba mwaka 675 Hijria amiri mmoja, Qalawun, alishikwa na qulanji kali alipokuwa Damascus, akatibiwa kwa dawa zilizotoka katika bimaristani ya Nuruddin. Alipopona alikwenda kuiona, akaweka nadhiri kwamba Mwenyezi Mungu akimpa ufalme atajenga mfano wake. Akawa Sultan, na mwaka 683 Hijria (1284) bimaristani ya Mansuri ikakamilika Cairo. Wakfu wake ulifungua mlango kwa tajiri na maskini, mwanamume na mwanamke, mwenyeji na mgeni, na mgonjwa hukaa mpaka apone. Qulanji ndiyo maradhi ambayo Imam Nawawi ameanza nayo orodha yake, na mwaka ule Imam alikuwa hai, akiishi katika mji uleule wa Damascus.

Ni lazima tuseme ukweli katika qiyasi. 'Aqila hulipa kwa ajili ya aliyedhuriwa na mtu wao, wala hailipi kwa ajili ya maradhi ya mtu wao. Bimaristani ilikuwa ya kutoa tiba. Hakuna hata kimoja katika hivi kinachofanana na bima kila upande. Linaloviunganisha ni moja: mtoaji hakununua kitu. Alitoa.

"SUKRA" YAFIKA DAMASCUS

Bima ya kununuliwa ilizaliwa baharini. Wafanyabiashara wa Italia walikuwa nayo katika karne ya 14. Mkataba wa Genoa wa mwaka 1347 ndio unaotajwa sana miongoni mwa mikataba ya kale iliyobaki. Msafiri wa chombo aliyezungukwa na mawimbi, ambaye Imam Nawawi alimpa hukumu ya mgonjwa, wao walimfanyia biashara.

Faqihi maarufu wa kwanza kuijadili kwa jina ni Ibn Abidin wa Damascus, Mhanafi, aliyefariki mwaka 1252 Hijria (1836), katika Radd al-Muhtar, mlango wa musta'min, yaani mgeni aliyepewa amani. Ameeleza kuwa wafanyabiashara wanaokodi vyombo vya wageni hulipa nauli, kisha humlipa mtu mwingine aliye katika nchi ya wageni kiasi maalumu kiitwacho sukra. Mali ikizama, ikiungua au ikiporwa, mtu yule hulipa fidia. Naye ana wakala katika miji ya pwani ya Waislamu, kwa ruhusa ya Sultan. Hukumu ya Ibn Abidin ni kwamba si halali kwa mfanyabiashara kuchukua fidia hiyo kwa mkataba uliofungwa katika nchi ya Kiislamu, kwa kuwa ni kujilazimisha jambo ambalo sheria haimlazimishi mtu. Alizipima pia hoja za kuhalalisha, kama ile ya mwenye kutunza amana kwa ujira, na ile ya aliyemwambia mwenziwe, "Pita njia hii, ni salama, ukiporwa nitalipa," akaonesha kwa nini hazilingani na sukra. Hakuwakemea watu kwa maneno makali. Aliuchambua mkataba sehemu kwa sehemu, na huo ndio mwenendo wa mwanachuoni.

MJADALA WA KARNE ILIYOPITA

Bima ya maisha ilipofika Misri, kampuni moja ya Marekani ilimwuliza Sheikh Muhammad Abduh, aliyekuwa Mufti wa nchi hiyo kuanzia 1899 hadi 1905. Akajibu kwa kuruhusu, na watetezi wa bima wameishika fatwa hiyo mpaka leo. Lakini wanavyuoni walioichunguza wamesema kuwa swali lilieleza mtu anayempa mwenziwe mali aifanyie biashara na faida igawanywe, na hiyo ni mudharaba, wala haina ubishi. Fatwa hufuata swali. Swali likipindwa, jibu haliwi hoja. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, naye wa Misri, aliandika risala maalumu juu ya sukra, akakataza.

Damascus tena, mwaka 1961, kukawa na Wiki ya Fiqhi ya Kiislamu. Hapo Sheikh Mustafa az-Zarqa (1904 hadi 1999) alisimama kuitetea bima, akitumia qiyasi ya 'aqila, ya mkataba wa mlinzi analipwa kwa utulivu anaoupatia mtaa, na ya pensheni. Sheikh Muhammad Abu Zahra (1898 hadi 1974) akampinga: bima ya kusaidiana alikubali, bima ya kibiashara alikataa. Mwaka 1965 Baraza la Utafiti la Al-Azhar likaruhusu bima ya kusaidiana na mipango ya serikali kama pensheni, likaiacha ya kibiashara kwa utafiti zaidi. Mwaka 1397 Hijria (1977) Baraza la Wanavyuoni Wakubwa wa Saudi Arabia likaharamisha bima ya kibiashara na kuruhusu ya kusaidiana. Mwaka uliofuata Baraza la Fiqhi la Makka likaamua vivyo hivyo, isipokuwa Sheikh Zarqa aliyebaki na rai yake. Na mwezi Desemba 1985 Majma'i ya Fiqhi ya Jeddah, katika azimio lake nambari 9, ikasema mkataba wa bima ya kibiashara wenye malipo maalumu una gharar kubwa inayouharibu, na mbadala wake ni bima ya kusaidiana yenye msingi wa tabarru'i.

Hoja ya tabarru'i ilitiliwa nguvu na Sheikh as-Siddiq ad-Darir wa Sudan, mtafiti mkubwa wa masuala ya gharar. Imam al-Qarafi wa Malik (aliyefariki 684 Hijria) amefafanua katika al-Furuq kuwa gharar huharibu mikataba ya kubadilishana mali, na husamehewa katika kutoa kwa hisani, kwa sababu anayepewa bure hapotezi kitu asipopata. Kwa msingi huo kampuni ya kwanza ya bima ya Kiislamu ikaanzishwa Sudan mwaka 1979. Malaysia ikatunga sheria ya takaful mwaka 1984, na Kenya ikapata kampuni yake ya kwanza ya takaful mwaka 2011.

TUUPIME MKATABA WA MAISHA YOTE

Sasa tuurudie mkataba wa muulizaji wetu. Kwa mizani ya maamuzi hayo, bima ya kibiashara ya maradhi makubwa ina kasoro zilezile, na kwa kuwa ni ya maisha yote kasoro zinazidi. Mnunuzi hajui kama atapata chochote. Hajui atalipa mara ngapi, kwani muda wa mkataba ni umri wake, na umri uko kwa Mwenyezi Mungu. Anaweza kulipa miaka thelathini akafa usingizini, au akalipa mwaka mmoja akachukua mara mia. Kinachobadilishwa ni fedha kwa fedha, pungufu kwa zaidi, taslimu kwa baadaye. Hapo riba inaingia. Na kwa kuwa fedha hulipwa bila kufungamana na gharama ya tiba, ile hoja ya kwamba amenunua matibabu haipo.

Ndiyo maana tusichanganye mambo. Majma'i ya Fiqhi ilipokutana Dubai mwaka 2005 iliijadili bima ya afya peke yake, katika azimio nambari 149. Ilisema kuwa mtu kuafikiana moja kwa moja na hospitali ili imtibu kwa malipo maalumu kunafaa kwa masharti yanayoifanya gharar kuwa ndogo, kwa kuwa haja ya kuhifadhi nafsi ni kubwa. Na kupitia kampuni ya kusaidiana kunafaa. Na kupitia kampuni ya kibiashara hakufai. Vilevile mifuko ya afya ya serikali ni mlango mwingine, kama ule wa Kenya ulioanza 1966, ambao nafasi yake ilichukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii Oktoba 2024, au ule wa Tanzania uliowekwa kwa sheria ya 1999, na sheria ya bima ya afya kwa wote ya 2023. Hiyo ni mipango ya dola kuwahudumia raia, na anayekatwa kwa sheria halaumiwi kwa asilolichagua.

Hata takaful haikosi maswali. Mtu akitoa kwa sharti la kurudishiwa akiugua, je, hiyo ni hisani au ni zawadi ya kutaka badala, ambayo Wamalik wanaihukumia kama mauzo? Kwa ajili ya shaka hii Mufti Muhammad Taqi Usmani wa Pakistan alipendekeza michango iingie katika mfuko wa wakfu, wakfu ambao ndio unaowalipa wenye kufikwa kwa masharti yake. Mwenye kuitafuta takaful ya maradhi aulize mambo matatu: fedha za wachangiaji zimetengwa na za wenye kampuni? Zinawekezwa wapi? Na ziada inarudi kwa nani?

Na aliyekwisha kuingia katika mkataba wa kibiashara kwa kutojua, asikate tamaa. Kwa rai ya waliokataza, rasilimali yake ni haki yake, kama inavyofahamika katika Suratul Baqara aya ya 279 juu ya mwenye kutubia riba. Atoke pale anapoweza bila madhara makubwa, achukue alichokilipa, na kilichozidi akitoe katika maslahi ya Waislamu. Aliye mgonjwa tayari na hana njia nyingine, basi amwendee mwanachuoni anayemwamini amweleze hali yake, kwani haja na dharura zina vipimo vyake na hazihukumiwi kwa jumla.

JIBU LILILOMO NDANI YA MINHAJ

Tulisema tutarejea swali la aliyeokoka na hawezi kuchuma. Katika kugawa zaka, mafaqihi wetu wamejadili: fakiri apewe kiasi gani? Imam Rafi'i katika al-Muharrar, ambacho Minhaj ni mukhtasari wake, alichukua rai ya kutosheleza mwaka mmoja. Hapo Imam Nawawi akasimama na ile "qultu" yake ambayo wanafunzi wanaijua, akasahihisha: rai iliyo sahihi zaidi, iliyoelezwa na Imam Shafi'i mwenyewe na kushikwa na wengi, ni kwamba apewe cha kumtosheleza umri wake wa kawaida uliobaki, na kwa mali hiyo anunuliwe kitu kisichohamishika kitakachomletea pato.

Tuirudie mara ya pili, maana tumeipita mara nyingi darasani. Aliyepooza, asiyeweza kufanya kazi, asiye na mali wala wa kumlisha, ni fakiri kwa istilahi ya madhehebu. Haki yake katika zaka ni utoshelevu wa maisha yake yote. Hakulipia kila mwezi. Haulizwi kama maradhi yake yamo katika orodha, wala kama alikuwa nayo kabla ya kujiunga, wala kama ameishi siku 14. Na aliyekopa kwa ajili ya matibabu akashindwa kulipa ni katika gharimin, naye ana fungu lake.

Sasa tujitazame. Mtu wa msikitini kwetu anapopigwa na kiharusi, tunatangaza mchango siku ya Ijumaa, na watu wanatoa, Mwenyezi Mungu awalipe. Ijumaa ya pili wanatoa kidogo. Ya tatu imamu mwenyewe anaona haya kutangaza. Ramadhani ikifika, zaka inagawanywa mlangoni kwa noti ndogondogo, kila mmoja apate cha futari, na mgonjwa yule apate kama wenzake. Kisha anapokuja wakala wa bima nyumbani kwa jirani yake, jirani anamkumbuka mgonjwa yule na anatia saini. Tunamwambia amefanya haramu. Je, hofu yake ilikuwa ya uongo? Hofu ilikuwa ya kweli, naye ameishuhudia kwa macho yake, na sisi ndio tuliomwonesha.

Haitoshi kwa mwanachuoni kufunga mlango wa haramu ilhali wa halali, ambao Imam wake ameufungua tangu karne ya saba Hijria, umebaki na kutu. Kamati ya zaka ya msikiti mmoja, kila mwaka, ikimchagua mgonjwa mmoja tu aliyekatika na kazi, ikamnunulia chumba cha kupangisha, au kibanda sokoni, au shamba dogo la minazi lenye mavuno, iwe milki yake, kwani ni haki yake wala si mkopo, baada ya miaka kumi kuna nyumba kumi ambazo hazitarudi kusimama mlangoni. Misikiti mitano ikishirikiana itaweza zaidi. Wenye uwezo waongeze wakfu wa tiba, kwa maana wakfu husaidia hata asiyekuwa fakiri. Na vyama vyetu vya maziko, ambavyo watu wa pwani wamevizoea na vinaaminika, havishindwi kuongeza mfuko wa wagonjwa kwa msingi wa tabarru'i. Tumezoea kuchangia sanda. Tuchangie na dawa kabla ya sanda.

Wala hili halipingani na kutawakali. Aliyeambiwa amfunge ngamia wake kisha amtegemee Mwenyezi Mungu hakuambiwa achague kimoja. Kufunga kamba hiyo kwa mgonjwa asiyeweza kunyanyua mkono ni kazi ya majirani zake.

Basi imamu akiulizwa lile swali la bima ya maisha yote, aeleze hukumu kwa dalili zake na kwa upole, akitaja kuwa wako wanavyuoni wachache walioruhusu. Kisha, kabla muulizaji hajaondoka, ajiulize yeye mwenyewe: mtu huyu akiugua mwaka ujao, msikiti wangu umemwandalia nini?

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awarehemu maulamaa wetu waliotangulia, na atupe uwezo wa kuyatenda tunayoyasoma. Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.